Miaka Minne ya Daktilo Mtarajiwa

Nina miaka ishirini na sita na nimekwisha kustaafu. Msicheke. Wazee wengine wakistaafu wanapewa kiti kivulini na watu wa kuwaamkia. Mimi nimepewa mtoto wa miaka miwili anayenivuta kitenge hapa ninapoandika, na mama mkwe anayesema kalamu haijawahi kupalilia muhogo. Haya. Ninyi wasichana mnaomaliza shule ya masista mwaka huu, ambao vidole vinawawasha kwa kutamani kazi ya biro, ya ofisini, sikilizeni. Hakuna mwingine atakayewaambia haya, na hasira yangu haijapoa.

Neno la kuogopa ni moja: mtarajiwa. Kwa Kifaransa cha biro wanaandika futur. Ni neno la heshima likikaa mahali pake. Msichana akiitwa mke mtarajiwa, kila mtu anajua mbuzi wamefika, mashangazi wamekaa, siku imetajwa. Mwenye mimba ni mama mtarajiwa, na huyo hata hahitaji kutajiwa siku, tumbo lenyewe linahesabu. Lakini likibandikwa nyuma ya jina la kazi, bila siku, bila mwezi, ni kama kumwambia mwenye njaa kwamba yeye ni mshibaji mtarajiwa. Mimi nililibeba miaka minne. Nililichapa kwa vidole vyangu mwenyewe, nakala nne nne, mpaka herufi t ya mashini ikalegea.

Biro yetu ilikuwa nyumba ndefu ya matofali pale Uvira, mlima nyuma, ziwa mbele. Uhuru ulipofika, Mzungu aliyekuwa mkubwa wa biro alipakia gari lake asubuhi, akamwambia karani mkuu, Papa Kashindi: "Narudi Jumatatu." Akavuka mpaka kwenda Usumbura. Jumatatu ikaja. Zikaja nyingine.

Sasa shikeni desturi hii ya kazi, maana ndiyo iliyotufunga wote. Katika biro za kwetu mtu haingii kazini kwa kukaa tu kwenye kiti. Lazima iandikwe karatasi ya remize-reprize. Anayeondoka na anayeingia wanazunguka pamoja, wanahesabu vitu vyote kuanzia kabati mpaka kikombe cha gundi, kisha anayeondoka anasaini kushoto, anayeingia anasaini kulia. Hapo ndipo kazi inahama. Bila sahihi ya kushoto, ya kulia haipo. Na Mzungu hakusaini kushoto, kwa sababu hakuondoka. Anarudi Jumatatu.

Kwa hiyo Papa Kashindi akawa mkubwa mtarajiwa. Aliyekuwa chini yake akawa karani mkuu mtarajiwa, na wa chini yake vivyo hivyo, mpaka kwa mfagiaji. Kiti cha Mzungu kilipanguswa kila asubuhi na hakuna aliyekikalia. Wengine wote, hata Papa Kashindi, Mzungu aliwaweka kwa mdomo tu. Mtu mmoja tu alibaki na kazi ya kweli: Papa Jerivasi, daktilo, yaani mpiga mashini ya kuandikia, aliyekuwa amesainiwa na daktilo wa kizungu kabla ya uhuru. Lakini Papa Jerivasi ndiye aliyekuwa karani mkuu mtarajiwa, na karani mkuu, hata mtarajiwa, hawezi kuonekana anachapa mashini. Basi akaniingiza mimi, Feza, niwe daktilo mtarajiwa. Ndiyo kusema, katika nyumba nzima mwenye kazi alikuwa mmoja, na hakuwa anaifanya.

Nitasema kweli, alinifundisha vizuri. Alikaa nyuma yangu na fimbo ya kupigia mistari na kunigonga viwiko.

"Weye unapiga mashini kama unatwanga majani ya sombe! Gusa, toa. Gusa, toa!"

Alinifundisha kwamba barua za Kifaransa zinachosha e, na barua za Kiswahili zinamaliza a. Ukiona a imejaa uchafu na inaonekana kama o iliyopigwa ngumi, chukua pini, safisha, usipulize, maana mate yanaleta kutu. Alinifundisha kukunja kitenge cha zamani mara nne na kukiweka chini ya mashini ili isitembee mezani. Alinifundisha kuiangalia karatasi ya karbone kwenye mwanga kabla ya kuiweka, kwa sababu ukiigeuza utachapa nakala nzuri sana mgongoni mwa barua ya kwanza na ya chini yake itakuwa tupu. Mambo hayo yashikeni. Kisha ulizeni mbona mzee mwenye ujuzi wote huo alikataa kunisainia kushoto.

"Papa Jerivasi, minye njo ninachapa. Nipe mahali."

"Nikikupa hii, minye nabaki na nini?"

"Unabaki karani mkuu."

"Mtarajiwa, mwanangu. Mtarajiwa. Mutu haachi mtumbwi juu ya kuonyeshwa mwingine mbali."

Huyo ndiye mwalimu wangu.

Papa Kashindi yeye hakuwa mchoyo. Alikuwa mpole, na upole wake ulituangamiza zaidi. Watu walishuka kutoka Bijombo, walikuja kutoka Kiringye na Lubarika, wamevaa koti la kanisani, wakisimama mbele ya meza yake.

"Papa Kashindi, uhuru ulifika. Mahali yangu iko wapi?"

Hakujua kusema hapana. Alinigeukia.

"Feza, mwandikie papa huyu barua."

"Ya kazi gani?"

"Mutunza muhuri mtarajiwa."

"Tayari wako sita, papa."

"Basi atakuwa wa saba. Kesho iko kubwa, mwanangu, wote watatosha."

Na huyo wa saba alikunja barua akaiweka kifuani kama amepewa mtoto. Kesho yake alirudi na kiti kutoka nyumbani. Hilo lilianza hivyohivyo, hakuna aliyeagiza. Mtu alihofu kwamba asipokuwapo siku Mzungu anaporudi au siku mambo yanapotengenezwa, mwingine atamruka. Kwa hiyo walikuja kila siku saa moja, na viti vyao: viti vya mianzi, vigoda, kimoja cha kunyolea watu, na benchi moja la kanisa ambalo sitaki kujua lilipatikanaje. Walikaa nyuma ya kila meza kwa mstari. Kufika kwenye mashini yangu nilipita katikati ya magoti ya wanaume ishirini.

Mbele ya mstari wa muhuri alikaa Papa Zakaria, mzee wa kifua kibovu. Wale sita nyuma yake walimwamkia kila asubuhi kwa moyo wote.

"Umelalaje, papa? Kifua?"

"Kinapoa."

"Ah."

Ile "ah" ilikuwa na huzuni ya msiba. Siku moja bwana wa Lubarika, ambaye alikuwa mtu wa huruma, alimletea asali na tangawizi. Wenzake watano walimkamata barazani wakamkunja shati. "Weye unamuponyesha kwa nini? Uliitwa hapa kuwa munganga?" Papa Kashindi akaja kuwatuliza. Akamfanya bwana wa Lubarika kuwa mganga wa biro mtarajiwa, na mimi nikachapa.

Na mimi nina kosa langu, nalisema. Baada ya mwaka, ruba za mashini, zile tepe za wino, hazikuja tena kutoka Bukavu. Ile ya mwisho ilikauka mpaka herufi zikawa kama kivuli. Nikachukua masizi ya chungu, nikayachanganya na mawese, nikaipaka ruba na karbone zilizochakaa, nikavianika juani. Ilichapa nyeusi ya kupendeza! Nilijisifu wiki nzima. Mchanganyo ni kijiko kimoja cha mawese kwa vitatu vya masizi. Mimi nilitia vijiko viwili. Mende walisikia harufu. Tulipofungua kabati mwezi uliofuata, nakala zote zilikuwa zimeliwa, na zimeliwa kwa kufuata maandishi, mstari kwa mstari, pembeni karatasi imebaki nzima. Mende walikula nafasi za watu arobaini. Palikuwa na kilio siku hiyo, si mchezo. Nani wa tatu, nani wa nne, hapakuwa tena na karatasi ya kuamua, na Papa Kashindi akaamua wote warudi kuwa wa kwanza. Viti vikapangwa kwa upana badala ya urefu. Mlango ukawa haufunguki.

Ninyi mtaniuliza, mbona hukuondoka? Nilipenda kazi. Hilo nalo nalisema bila haya. Nilipenda ule mlio, na karatasi inayotoka imenyooka. Nilimaliza madarasa yangu kwa ajili ya kitu kama kile. Na mume wangu Kiza, anayelima Kiringye, hakunizuia. Mama yake ndiye aliyesema: "Mwanangu alioa muke, ama alioa muke mtarajiwa? Kila siku tunamungoja."

Kisha nikashika mimba, na hapo mchezo ukaisha. Nilikwenda kwa Papa Kashindi nikiwa na miezi mitano kuuliza juu ya likizo ya uzazi.

Alivua kofia. "Mwanangu, mtarajiwa hana likizo."

"Kwa nini?"

"Likizo ni kupumzika kazi. Weye kazi bado kupata."

"Na hii ninachapa kutoka saa moja mpaka saa nane?"

"Hiyo unachapa kwa kutarajia." Alisema kwa sauti tamu kabisa. "Ukikosa hata siku tatu, mmoja wa nyuma yako anakaa kwenye mashini. Sheria si yangu."

Nyuma yangu walikuwa watano. Watatu hawakujua kusoma. Nikahesabu: miezi minne imebaki. Ama nipate sahihi ya kushoto ya Papa Jerivasi kabla mtoto hajatoka, ama nizae na kupoteza kila kitu. Nikamwomba. Nikampelekea ndagala waliokaangwa. Alikula, akafuta mdomo, akasema mtumbwi wake hauachi.

Ni maasi yaliyonisaidia. Nalijua ni neno baya la kusema. Watu walikufa, wengine tuliwajua, na sitawafanyia mzaha. Lakini ninawasimulia kazi, na kazini ilikuwa hivi.

Waasi waliingia mjini tukasikia risasi upande wa bandari, halafu kimya, halafu wakaingia biro. Mbele alikuwa kamanda, kijana mwembamba mwenye majani kichwani, amelowa maji ya dawa. Dawa ile ilimkataza kuguswa na mwanamke. Nyuma yake wenzake na mikuki na bunduki mbili. Aliangalia watu wale wote wamekaa kwenye viti vyao kama wanangoja misa.

"Tumekuja kukamata bakubwa ba serikali," akasema. "Nani mukubwa hapa?"

Papa Kashindi akainua barua yake. "Minye mtarajiwa tu, shefu."

"Na weye?"

"Mtarajiwa."

"Na weye?"

"Wa tatu, shefu. Lakini siku hizi tuko wote wa kwanza."

Mikono yote ikapanda na makaratasi. Zile barua ambazo walizililia, walizozipigania, leo kila mmoja alizishukuru. Kamanda alizunguka mstari mzima akisoma, midomo inatembea. Alisoma vizuri, alikuwa mwana wa shule kama mimi. Akafika kwenye kiti cha Mzungu.

"Na hii?"

"Ya Bwana," akasema Papa Kashindi. "Anarudi Jumatatu."

"Jumatatu gani?"

Kamanda akashika kichwa. "Biro muzima! Batu wote hawa! Na hakuna hata mumoja anatumika hapa? Sisi tulipigana na nani?"

Ndipo akavuta mtoto wa meza na kuona daftari la zamani la wafanyakazi. Ndani jina moja tu lilikuwa na sahihi mbili, kushoto na kulia. Akalisoma kwa sauti. Papa Jerivasi alikuwa nyuma yangu, na nikasikia meno yake yanagongana kama mashini.

Akaninong'oneza, "Feza. Mwanangu. Leo nakupa."

Miaka minne! Karatasi ya remize-reprize ilikuwa mfukoni mwake tayari, ameiandika zamani na kuificha, sahihi ya kushoto imo. Aliibeba kila siku, anaijua njia yake ya kutorokea. Akaisukuma mbele yangu na kalamu. "Saini mbio."

Nilijua ninachofanya. Sikuwa mjinga. Yule kamanda alitafuta serikali, na atakayesaini kulia ndiye serikali. Lakini tumbo lilikuwa limefika kwenye ukingo wa meza, wiki mbili zimebaki, na mtoto alikuwa ananipiga teke kwenye mbavu. Nikasaini.

"Jerivasi ni nani?" kamanda akauliza.

"Ni minye, shefu, lakini minye niliondoka kazini," akasema yule mzee. "Daktilo ni huyu."

Nikaiweka karatasi juu ya fimbo ya kupigia mistari nikamsogezea, kwa sababu ya dawa yake. Akaisoma. Akaniangalia mimi, akaangalia tumbo, akamgeukia Papa Kashindi.

"Serikali yote ya Uvira… ni huyu?"

"Kwa karatasi, shefu, ni huyu."

Vijana wake wakaanza kucheka, na mmoja alicheka mpaka mkuki ukamwanguka. Kamanda hakucheka. Nafikiri alikuwa amechoka sana. Alivuta kigoda cha mtu akakaa, akasema na yeye si kamanda hasa, anashika tu mahali mpaka mkubwa wake afike kutoka Fizi. Papa Kashindi, macho yakimng'aa kwa huruma, akafungua mdomo.

"Papa, usithubutu," nikasema.

Alithubutu. Nikachapa: kamanda mtarajiwa. Aliikunja akaiweka kifuani chini ya majani.

Na kwa kuwa sasa nilikuwa na kazi, nikaomba likizo ya uzazi.

"Hiyo iko nini?" kamanda akauliza. Wakamweleza. "Mama yangu alizaa tisa na hakupata barua," akasema. Lakini akapiga muhuri, na ile karatasi nikaipokea kwa fimbo vilevile. Nilizaa baada ya siku kumi, msichana, nyumbani, milango imefungwa. Nilikaa naye miezi miwili nikiwa daktilo, bila ule mkia wa mtarajiwa. Nimwambie nani nilivyolala vizuri?

Jeshi la serikali liliporudi, waasi walipanda mlimani. Nikafunga mtoto mgongoni, nikarudi kazini siku ileile likizo ilipoisha. Viti vyote vilikuwapo. Benchi la kanisa pia. Na katikati alisimama mjumbe wa serikali, bwana wa miwani, na askari wawili mlangoni.

"Nani alitumikia waasi?"

Barua zikapanda juu kama majani ya ndizi. Watarajiwa. Wote watarajiwa. Walingojea tu, bwana, hawakufanya kitu. Mjumbe alisoma mpaka akachoka, kisha akaikuta karatasi yangu, jina langu kulia, na ruhusa ya likizo yenye muhuri wa waasi.

"Feza ni nani?"

Papa Kashindi akaangalia sakafu. Papa Jerivasi hakuangalia sakafu. Alisema wazi, mbele yangu, mbele ya mtoto: "Minye nilimukataza, shefu. Alitaka cheo."

Ningemrukia. Mtoto mgongoni ndiye aliyenizuia, si adabu.

"Basi wewe peke yako ulikuwa mfanyakazi wa waasi," mjumbe akasema. Aliyasema kama mtu anayesoma hesabu na haiamini, lakini hesabu imetoka hivyo. Wengine walipelekwa gerezani kwa madogo zaidi. Mimi aliangalia mtoto, akasema atanifukuza tu. "Daktilo yuko wapi aandike barua?"

"Ni minye," nikasema. Nikakaa. Nikaweka karbone, nikaiangalia kwenye mwanga. Akaanza kusema maneno, ulimi wake umeshazoea lile neno la barua zote alizosoma, nami nikachapa: "Bibi Feza anaondolewa katika kazi ya daktilo mtarajiwa…"

Nikaacha vidole hewani. "Bwana, mtarajiwa hafukuzwi. Hana mahali pa kufukuzwa. Muulize Papa Kashindi."

Papa Kashindi alikohoa. "Ni kweli, shefu. Sheria haikubali."

"Basi toa hilo neno," mjumbe akasema, mkono ukipunga inzi.

Nikatoa karatasi, nikaanza upya. Katika kazi ya daktilo, nukta. Nakala nne, hakuna kosa hata moja. Akasaini, akapiga muhuri wa serikali, akatoka na askari wake kwenda biro nyingine.

Nyuma yangu wale watano hawakuwapo tena, maasi yaliwatawanya. Alikuwapo mmoja mpya, Riziki, msichana wa shule yetu, miaka kumi na minane, kigoda chake cha nyumbani chini yake na barua ya Papa Kashindi mkononi. Alikuwa ananiangalia kama nimekufa.

"Yaya," akasema, maana kwetu dada mkubwa ni yaya, "minye nitangojea mpaka lini?"

Nikachukua karatasi safi. Nilikuwa nimefukuzwa, lakini nilikuwa bado sijaondoka, na anayeondoka ndiye mwenye upande wa kushoto. Tukahesabu pamoja, kwa sauti: mashini moja, fimbo moja, pini mbili, kitenge cha kukunja, chupa ya masizi, karbone sita. Nikasaini. Nikampa kalamu, naye akasaini kulia, jina zima, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza. Viti vyote viligeuka.

"Feza!" Papa Kashindi alisimama kwa mara ya kwanza bila upole wowote. "Umefanya nini?"

"Niliondoka kazini, papa," nikasema. "Na weye ungefanya vile, kama ungekuwa na mahali pa kuondoka."